Fisi wa Mlangoni Kafungua Mdomo

Alhamisi, Jeddah. Joto la leo limelowa kama taulo la hamamu, na mie toka asubuhi nimekaa kwenye kiti changu cha ubawabu sijamtania mtu hata mmoja. Yule Msudani wa ghorofa ya tatu kaniuliza, "Amu Sefu, unaumwa?"

Siumwi. Bora ningeumwa.

Mnaouliza kwa nini katuni haisogei wiki ya tatu sasa, sababu ni mie. Naongea na simu, yenyewe inaandika, maana skuli mie nilipita nje tu. Ukurasa huu alinifungulia Kadzo, pembeni ya katuni yake, ili Fisi naye apate pa kusemea.

Kadzo ni binti wa Malindi, anafanya kazi za ndani Riyadh, huko Al-Murabba. Mabosi zake wana fleti kwenye jengo hili ninalolinda, na wakija kupunga upepo wa bahari huja naye. Alikuwa akichora kwa kidole kwenye simu yake. Wanyama wamevaa suti, Amerika ya zamani, wakati pombe imepigwa marufuku kule, nao wana kilabu chao cha siri nyuma ya duka la fundi viatu. Mwenye kilabu ni Bi Kanga. Kobe anapiga piano, anachelewa kila wimbo. Mlangoni yupo Fisi, mzee, muongo, maneno mengi. Akiona askari anakohoa mara tatu, walio ndani wanaficha chupa. Siri ya kilabu haijamtoka hata siku moja.

Huyo Fisi ni mie. Hata kofia ni yangu.

Pombe sijaionja toka nizaliwe, lakini mlango nani anaujua kuliko mie? Nimemrudisha mtu aliyekuja na jambia, nikampa na maji ya kunywa aende zake. Nikisimulia msikitini, mtu huyo mmoja huwa watu watano. Hadithi hizo ndizo nilizompa Kadzo. Siku moja nikamuuliza, "We mtoto wa Kigiriama, mambo ya vilabu vya siri umeyajulia wapi?"

Akacheka. "Babu, nyumba ambayo kila mtu anajua kuna nini ndani na hakuna wa kusema, hiyo si ndiyo naishi mimi?"

Sasa wiki tatu nyuma madam wake kashuka chini kungoja gari. Nikataka kumsifia mtoto. Nasema kweli, nikataka kujisifia mwenyewe. Nikamtolea simu: madam, tazama, huyu bawabu ni mie, kanichora huyu binti yenu. Akacheka. Akapitisha kidole. Akapitisha tena. Akamfikia Bata Bukini, mteja wa kilabu, miwani mikubwa kichwani, kipochi cha dhahabu, anagonga mlango kwa kucha na kuharakisha watu "yalla, yalla" hata hawajafika.

Madam alikuwa na miwani kichwani. Na kipochi mkononi.

Alinirudishia simu kwa vidole viwili.

Siku ile ile Kadzo kanyang'anywa simu yake, dereva wao ndiye aliyenambia, na kesho yake wakarudi Riyadh. Mie nikajipa moyo: mdomo uliovunja ndio utakaojenga. Jumatatu hii nikapanda basi la Riyadh. Jumanne nimekaa mbele ya baba wa nyumba ile, kanimiminia kahawa kwa mkono wake mwenyewe, mtu wa heshima.

"Bosi," nikamwambia, "yule bata nimemchora mie. Binti hana kosa."

Akanitazama mikono. "Amu Sefu, mwaka jana ulinambia umezima moto wa jengo zima kwa ndoo moja."

"Kweli ile."

"Na kwamba ulibeba kontena bandarini peke yako."

"Lilikuwa tupu."

Alicheka mpaka kahawa ikammwagikia. Kisha akanisogezea karatasi na kalamu. "Haya, nichoree bata."

Nikachora. Kikatoka kitu kama birika.

Maisha yangu yote nimesema uongo na watu wakanipenda kwa huo uongo. Mmoja tu nilihitaji uaminiwe.

"Halas, yamekwisha," akasema, taratibu, kama anamsemesha mgonjwa. "Madam hamtaki tena binti. Tiketi yake imeshakatwa."

Kadzo sikuonyeshwa. Nilisikia vyombo vikioshwa jikoni. Nikakohoa mara tatu, kwa nguvu.

Vyombo vikanyamaza. Halafu vikaanza tena.

Leo asubuhi dereva kapiga simu. Kadzo kaondoka jana. Simu kapewa uwanja wa ndege, lakini madam kaisafisha yote, michoro mafi, hakuna hata mmoja, hata ile sehemu mpya aliyokuwa hajaiweka humu. Miaka miwili ya kidole cha yule mtoto, kidole chenye sabuni.

Mlichobakiwa nacho ni picha ile ya mwisho. Mtu anagonga, humwoni ni nani, na Fisi kashika komeo. Mnauliza atafungua au hatafungua. Mie naitazama kutwa nzima. Kofia yangu ile, na mkono ule wangu.

Kadzo mwanangu, ukipata nguvu ya kuchora tena, usimfanye Fisi awe kama mie.

Kesho kiti kipo, mlango upo. Mdomo huu ndio sijui nitauweka wapi.