Faida ya Posta na Ng'ombe wa Shemeji

Nkoaranga, Meru,
kwa njia ya Arusha

Kwa dada yangu Mwajuma,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta umeshapona mafua uliyoniandikia, na miguu ya mama imepungua kuvimba. Mimi mwili ni mzima, ila moyo haujatulia tangu nilipopata barua yenu ya mwisho. Wanangu hawajambo? Nimefurahi kusikia Athumani amerudi chuoni kusoma Kurani, na kwamba Zena siku hizi haamki akilia. Mungu akulipe kwa kunilelea.

Kabla sijasema mengine, dada, nakuomba jambo moja. Mwambie shemeji asimpeleke ng'ombe mnadani mpaka mkae wawili mzungumze haya nitakayokueleza. Ninachoogopa ni kwamba barua itafika ng'ombe ameshauzwa. Mvua za huku zimeharibu njia zote, na sijui gari la kuja huko Kondoa linapita siku gani.

Mliniandikia nitoe fedha zangu zote posta, shemeji azichanganye na za ng'ombe, ampe yule mfanyabiashara wa ufuta anayerudisha na theluthi juu yake wakati wa mavuno. Wala sikukasirika. Nilitamani. Wewe unajua kwa nini nafua mashuka ya wagonjwa katika nchi ya baridi kama hii. Tangu baba Athumani alipofariki sina haja nyingine ila kupata cherehani yangu, nikae barazani kwako nishone kanzu na magauni ya watu, na wanangu wacheze nikiwaona. Faida ya posta ni ndogo, inatambaa. Nikasema moyoni, ya shemeji itanirudisha nyumbani upesi. Nikaamua kutii.

Lakini kitabu changu cha akiba sikuwa nacho. Mara moja kwa mwaka kitabu hupelekwa Dar es Salaam kuandikiwa faida, nami nilikuwa nimeshakikabidhi posta kabla barua yenu haijafika. Kisha mvua ikakata reli. Nilishuka mjini kuuliza, nikaambiwa barua zimekwama njiani, nisubiri. Nikashuka tena, jibu likawa lile lile. Mwenzangu mmoja wa dobini akaniuliza, "Umewapa fedha, na kitabu ukawapa? Sasa umebaki na nini mkononi?" Dada, nililala macho wazi. Mchana nikawa natia wanga mara mbili kwenye shuka moja, mpaka Sista anayetusimamia akaniuliza kama nyumbani kuna msiba.

Mwenye nyumba wangu ni Mama Naomi. Nilipata kukuandikia habari zake, yule mjane wa Kimeru mwenye kahawa na migomba hapa chini ya hospitali. Yeye ni Mlutheri na mimi ni Mwislamu, lakini nilipougua homa ile mbaya ndiye aliyeninywesha mtori wa ndizi kwa mkono wake na kunibadilisha nguo. Tulikuwa tukiweka akiba posta pamoja, tukishuka njia moja. Mwaka jana akatoa zake zote, akampa Bwana Kheri, mfanyabiashara wa mahindi na maharage mjini, ambaye hupokea fedha za watu, akanunua mazao, kisha akawapa faida kupita ya posta. Na kweli alikuwa akiwapa. Mama Naomi alikuwa akinicheka, anasema, "Wewe unalisha kuku wa posta. Huyo hatagi."

Juzi alitaka kuchukua fedha zake. Binti yake Naomi amepata nafasi shule ya bweni ya wasichana, na Jumatatu lazima aingie na karo mkononi, la sivyo nafasi inapewa mwingine. Tukashuka pamoja, viatu tumevishika mkononi kwa utelezi. Tukapitia posta kwanza.

Kitabu kilikuwa kimerudi. Karani, Mhindi mmoja wa Goa, mtu mzima, alinionyesha mahali faida ilipoandikwa. Nilimshukuru Mungu, kisha nikatazama vizuri, moyo ukashuka.

"Mbona kidogo hivi?" nikamuuliza.

"Wewe, mama, huleta fedha tarehe gani?"

"Nikipata nafasi. Mwezi ukishaanza, siku ya sita, ya saba."

Akasema, "Basi ndiyo sababu. Faida huhesabiwa kwa mwezi mzima. Fedha ikiingia tarehe moja, inahesabiwa mwezi wote. Ikiingia tarehe sita, inalala bure mpaka mwezi unaofuata. Na ukitoa katikati, uliyoitoa imepoteza mwezi wake. Mshahara wako unalipwa lini?"

"Mwisho wa mwezi."

"Sasa kwa nini unakaa nao?"

Nilikuwa nikikaa nao kwa sababu ya njia, dada, na uchovu, wala hakuna aliyeniambia. Nilitoka pale nimekishika kitabu kama mtoto aliyepotea akaonekana.

Tukaenda kwa Bwana Kheri. Tulikuta mlango wa ghala wazi na harufu kama ya pombe inayochacha. Yeye mwenyewe alikuwa ameketi juu ya gunia, amekunja suruali, matope mpaka magotini. Alipomwona Mama Naomi akasimama.

"Mama, njoo uone mwenyewe," akasema. "Sitaki uambiwe na watu."

Mto ulikuwa umefurika na kuingia ghalani. Akafungua gunia moja. Maharage yote yameota, vichipukizi vyeupe vimesukana kama uzi. Akafungua la pili, la tatu, yote hivyo hivyo. Mahindi yalikuwa meusi.

"Fedha yako imo humu," akasema. "Na yangu. Na ya watu wengine. Mimi sikuila, Mama Naomi. Nipe muda, nitauza nyumba."

Tulikuwa tumekuja tayari kugomba kama akituzungusha. Lakini utagombaje na mtu anayelia? Mama Naomi alichota maharage yale kiganjani, akayatazama, akayarudisha taratibu ndani ya gunia. Tulipofika nje akakaa ukingoni mwa barabara, palepale penye maji.

"Nimwambie nini Naomi?" akasema. "Ameshashona sare."

Dada, hapa ndipo naomba unielewe. Nilirudi posta. Karani akaniangalia.

"Mwezi haujaisha," akasema. "Nimekueleza sasa hivi tu. Ukitoa leo, fedha hii haipati faida ya mwezi huu."

"Andika tu, bwana."

Nilitoa karo ya muhula mmoja, nikaja nikampa. Hakuipokea upesi. "Rehema, hizi ni za cherehani," akasema.

"Naomi anaingia Jumatatu," nikamwambia. "Cherehani haina Jumatatu yake."

Anasema atanirudishia kahawa ikiuzwa. Inshallah. Najua shemeji atauliza kwa nini mgeni amepewa na yeye amenyimwa. Mwambie sikumnyima kwa kumdharau. Mama Naomi nilimpa kiasi ambacho hata kikipotea nitakivumilia, nikijua kinakwenda wapi. Shemeji ameomba zote, na hizo zilizobaki nitaziacha posta. Huyo wa ufuta huenda ni mwaminifu kuliko mimi na wewe. Hata Bwana Kheri ni mwaminifu. Lakini uaminifu wake haukuzuia maji. Kama shemeji hawezi kujizuia kabisa, auze yule beberu, amwache ng'ombe. Maziwa yake ndiyo wanayokunywa wanangu.

Amesema pia kwamba faida ya posta ni riba, na ya ufuta ni biashara halali. Hilo nalo linanisumbua. Nilimuuliza sheikh wa msikiti wa mjini, akasema wanazuoni wakubwa hawakubaliani juu yake, nimpe nafasi aulize. Mpaka atakaponijibu, faida ile siigusi.

Sista amekubali niwe nashuka mjini kila tarehe moja, nifidie kazi Jumamosi. Nitafanya hivyo, mvua isipozidi.

Katika bahasha hii nimetia hawala ya posta, ni ya dawa ya mama, isiingie katika shauri jingine lolote.

Nisalimie mama, umwambie namwombea kila swala. Nisalimie shemeji kwa heshima zote, na usimsomee barua hii kabla hajala. Nisalimie mjomba mwenye kinu, na wifi yangu aliyejifungua, na mwalimu wa chuo anayemvumilia Athumani.

Umeandika Athumani anauliza kama nitakuja Idi hii. Sitaweza, dada. Usimwambie nitakuja karibuni, maana mtoto akiambiwa karibuni hushinda barazani akitazama njia. Mwambie mwakani, baada ya mavuno. Akilia, mwache alie, kisha umpe maziwa.

Ni mimi mdogo wako nikuwazaye,
Rehema binti Juma