Sabufa ya Gari la Baba Imeingia Sebuleni

Uvira, Kasenga
9 Juni 2024

Mpendwa mdogo wangu Abdoul-Karim,

Assalam aleykum. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima huko Lubumbashi, weye na Yasmine na watoto, na kwamba baridi ya huko haijaanza kuwatesa vifua. Sisi tuko wazima, alhamdulillah. Ziwa lilipanda sana mwaka huu, majirani wa chini wakahama, lakini maji hayakutufikia. Baba anakula vizuri. Anayekuletea barua ni Emery, yule konvayeri wake wa zamani, aliyekuwa akimkusanyia nauli garini. Usimwache aondoke bila kula.

Najua utashangaa kwa nini naandika na simu iko. Kwenye simu unanikata maneno kabla sijamaliza, na hili nataka ulisikie mpaka mwisho.

Unaikumbuka sabufa uliyomnunulia Baba wakati bado anaendesha gari lake la Carina kwenda Bukavu? Emery anasema watu wa Katogota, kule njiani, walikuwa wanajua Baba anakuja kwa mdundo wake kabla hawajaona gari. Alipoliuza, aliing'oa mwenyewe pamoja na ampli yake ya kukuza sauti, akaviweka chini ya kitanda. Mnunuzi alilalamika. Baba akamwambia amenunua gari, hakununua zawadi ya mtoto wa mtu.

Sasa nikwambie jambo ambalo Baba hataki lisemwe. Masikio yake yamekwisha. Msikitini aliinuka wakati wenzake bado wamesujudu, na tangu siku ile anasali nyumbani akisingizia magoti. Ukimwongelesha anatikisa kichwa, anacheka kidogo, nawe unafikiri amesikia. Minye ninayeishi naye nilidanganyika vizuri kabisa.

Kumbe hata zile sauti unazotuma alikuwa hazisikii. Namwekea simu sikioni, anairudisha, anasema haina kitu. Nilidhani ni hasira. Nawe ukawa unaniuliza kila mara kama amekukasirikia kwa kuwa hukuwahi maziko ya Mama. Mlinichosha, nyinyi wanaume wawili wenye midomo mizito, na minye katikati yenu kama ukuta.

Kisha siku moja lilipita lori limefungulia muziki, na Baba, aliyekuwa amekaa mlangoni, akaanza kugonga vidole kwenye goti akifuata mdundo. Nikasimama kumwangalia. Sauti nyembamba zinampotea, nzito bado zinamfikia. Sikungoja, nikamwita Emery tuitoe sabufa chini ya kitanda.

Tulidhani ni kazi ndogo. Tukaleta batri ya sola, tukafunga nyaya nene mbili, nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi. Ampli kimya. Emery akaipiga kofi, kama alivyozoea kuipiga Carina ikikataa kuwaka. Nikamwambia apige kichwa chake. Baba alikuwa anatutazama tu. Mwishowe tulimchosha, akachuchumaa, akakata kipande cha waya mwembamba, akakivuta kutoka kwenye waya mwekundu mpaka kwenye kitundu kidogo cha ampli ambacho sisi hatukukijali. Akasema ampli ya gari haiamki mpaka dereva azungushe ufunguo, na hapa nyumbani nani amezungusha ufunguo? Taa ya ampli ikawaka. Alijidai jioni yote, na minye nilifurahi kumwona anajidai.

Kosa la pili lilikuwa langu. Nililiegemeza sanduku la sabufa kwenye ukuta tunaochangia na Mama Louise, na tulipojaribu muziki sahani zake zikaanza kucheza kabatini. Akaja mkono kiunoni. Nilipomweleza tunatafuta nini, alivuta kiti, akakaa kungoja pamoja nasi. Tukalihamishia katikati ya sebule.

Emery akaunganisha simu, akazungusha vifungo vya ampli mpaka sauti ya mtu ikapita. Nikaweka ule ujumbe wako wa Ramadhani. Ulitoka mzito, kama mtu anayesema ndani ya pipa. Baba akaweka viganja vyote viwili juu ya sanduku, kisha akainama mpaka sikio likagusa ubao. Mama Louise akasogeza kiti chake karibu.

“Huyu ni Abdoul-Karim,” akasema. “Mbona analia?”

Nikamwambia kwa nguvu, mdomo kwenye sikio lake, kwamba unaomba msamaha kwa kutofika kumzika Mama. Alinitazama mpaka nikaogopa.

“Ni minye nilikataa kumungojea,” akasema. “Waliniambia tulaze maiti mpaka kesho, mutoto iko njiani. Nikasema hapana, azikwe leo. Nilifikiri ndiyo maana amenyamaza.”

Nililia, mdogo wangu. Zaidi ya mwaka mzima kila mmoja wenu alikuwa anamwogopa mwenzake kwa maziko yale yale.

Msalimie Yasmine, na Rayan, na Tumaini ambaye nasikia ameota meno. Shangazi Pili anakusalimu, na Mama Louise anasema sahani zake zimekusamehe. Mungu akupe riziki ya halali na akurudishe kwetu ukiwa salama.

Ukimaliza kusoma, usinijibu kwa karatasi. Tuma sauti. Ongea polepole, utoe kifuani, usinong'one. Kila siku baada ya alasiri Baba anasogeza kiti karibu na sabufa, anaweka viganja juu yake, ananiuliza kama mutoto amesema kitu.

Yaya wako, dada yako mkubwa akupendaye,
Mwamvua