Apo Apo, Usiguse

Ngagara, 4 Februari 2023

Mwanangu Yasmina,

Asalaam alaykum. Mi mzima, ila hili goti la kushoto linajua mvua kabla ya mawingu. Na we huko Uvira, kifua kimepona? Dorothée atakuletea barua hii akija kuuza vitenge vyake. Kwenye simu unité nilizonunua zinaisha kabla sijasema la maana.

Lile dishi unalotaka kuninunulia, apana. Abonema ya mwezi ikiisha kioo cha televisheni kinazima, na siku hiyo hiyo ndiyo watasoma jina la kaka yako Ilyasi kwenye kominike. Antene aliyoifunga yeye haidai mwezi. Kila jioni baada ya habari nakaa nasikiliza matangazo hayo: aliyefiwa, aliyepotelewa, aliyeokotwa. Miaka minane, tangu mlipokimbia machafuko ukaniambia ametangulia Bukavu, sijakosa hata siku moja.

Sasa nikwambie kitu, usinicheke. Juzi upepo wa ziwa uligeuza mti wa antene. Unakumbuka tulivyofanya: mi nje nazungusha, Ilyasi ndani anaamuru kama waziri? Nilitoka peke yangu, nikazungusha, mdomo ukasema wenyewe, "Imekuja?" Ndani nikasikia, "Apo apo, usiguse!" Sauti yake, Yasmina. Niliingia mbio na hili goti. Hakuna mutu. Picha ilikuwa safi kabisa.

Mama yako, Saliha


Uvira, 13 Februari 2023

Mama yangu mpendwa,

Wa alaykum salaam. Kifua kimetulia, alhamdulillah. Pole na goti, jipake mafuta niliyompa Dorothée.

Mama, ukuta wenu na wa jirani ni mmoja, sauti ni ya huko. Una miaka sitini na nane, unahangaika na mti wa antene wa nini? Nimemwambia Maxime fundi akufungie dishi, utazame michezo ya kuigiza ucheke kidogo. Achana na hizo kominike, zinakutafuna.

Kuja nitakuja, inshallah, kazi ya cherehani ikipungua.

Mwanao, Yasmina


Ngagara, 2 Aprili 2023

Yasmina,

Asalaam alaykum, Ramadhani karim. Goti vile vile. Cherehani! Kutoka Uvira mpaka hapa ni saa moja, na kazi haijapungua miaka minane?

Maxime alikuja na dishi lake, nikamwambia alirudishe. Na jirani alihama tangu Januari. Nyumba ina kufuli.

Sauti inakuja kila nikizungusha. Nitakwambia aibu yangu: siku hizi naugeuza mti makusudi, picha ipotee, ili nipate kuuliza na yeye anijibu. Jana kwenye mvua niliteleza, nikaanguka. Nikiwa pale kwenye matope nikauliza, "Mwanangu, uko wapi?" Akasema, "Muulize Yasmina."

Basi nakuuliza.

Mama yako


Ngagara, 14 Mei 2023

Yasmina,

Salaam. Mi sijui kama ni mzima. Dorothée amepita mara tatu mikono mitupu. Anasema uliisoma barua mbele yake ukakaa chini sakafuni. Nakungoja.

Mama yako


Uvira, 20 Juni 2023

Mama,

Asalaam alaykum. Leo sikuulizi hali, naogopa.

Ilyasi hakutangulia Bukavu. Siku ile tuliyokimbia tulivuka mto Rusizi kwa miguu, alfajiri, maji yamejaa. Alinishika mkono mpaka nikayafikia matete ya ng'ambo. Maji yakamvuta. Alinipigia kelele, "Apo apo, usiachie!" Nikashika matete kwa mikono miwili. Nilipogeuka, hayupo.

Wavuvi walimtoa siku ya pili. Waislamu wa hapa walimwosha, wakamsalia, amezikwa Kavimvira. Kila Ijumaa nakwenda kung'oa majani. Ulipopiga simu ukauliza yuko wapi, nilisema ametangulia, nikitaka kukwambia ukweli kesho yake. Kesho ikawa miaka minane. Siji kwa sababu siwezi kupita juu ya yale maji nikayatazama.

Siku ya kwanza ulivyoandika "apo apo", nilijua ni yeye. Nikakudanganya tena, nikasema ni jirani.

Nisamehe, Mama. Usiponisamehe pia nitaelewa.

Yasmina


Ngagara, 9 Julai 2023

Mwanangu,

Asalaam alaykum. Nimelia, nimekutukana humu ndani mpaka sauti ikakauka, kisha nikakuonea huruma. Miaka minane ya Ijumaa, peke yako! Mtoto mjinga we.

Msikitini wamemsalia. Nikaenda kwa karani wa kominike. Aliuliza mahali na siku, nikamwonyesha barua yako, akanakili pole pole.

Jana ndiyo walisoma. Saa ilipokaribia, picha ikaganda. Nilitoka, nikazungusha, nikauliza, "Imekuja?" Kimya. Nikauliza tena, na tena, kama mwehu. Kimya. Niliingia kuchungulia, nikatoka, nikaingia, hivyo hivyo mpaka ikakaa. Nikaliona jina lake kwa macho yangu: Ilyasi, mtoto wa Saliha wa Ngagara. Nikazima.

Nina la kukiri na mimi. Yale maneno "muulize Yasmina" hakuyasema yeye, niliyatunga. Tangu zamani nilikuona unakwepa. Lakini "apo apo, usiguse", wallahi, ilikuwa sauti yake.

Nitakuja huko Jumamosi na Dorothée, unipeleke kaburini. Kurudi tutarudi pamoja. Kwenye daraja utafumba macho, mi nitakushika mkono. Mti umegeuka tena, na mutu wa kunijibu ndani hayuko.

Mama yako, Saliha