Uji wa Alfajiri na Kidonge cha Nafula

Athieno, mdogo wangu wa tumbo moja,

Nakuandikia kwa sababu jambo hili lilianzia kwako, na sina mtu mwingine ninayeweza kumweleza bila kujitetea. Nafula ana mimba ya miezi minne. Binti yako uliyeniachia akiwa darasa la pili ataitwa mama, Mungu akipenda. Ilinipasa kufurahi, lakini sijafurahi bado. Tezi yake ya shingo haifanyi kazi ipasavyo, na kipimo chake cha damu cha mwezi uliopita kilitoka vibaya. Tangu siku hiyo moyo wangu haujatulia.

Ugonjwa wako ulionekana na kila mtu. Watoto wa jirani pale Molo, upande wa Tororo, walipoikodolea macho shingo yako, uliwaambia kwamba ulimeza kiazi kikakataa kushuka, nao wakakimbia kuwauliza mama zao kama jambo hilo linawezekana. Mimi sikuwa na mzaha. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu na chati mkononi. Nilimweleza Mama kwamba rovu, uvimbe ule wa shingo, hutokana na upungufu wa madini joto katika chakula, nikamkataza kuosha chumvi. Unakumbuka alivyoinunua kwa kopo sokoni Busia, ile ya mawe, akaiosha kama mchele ili kutoa mchanga? Nilimwambia kwamba anayamwaga madini yenyewe pamoja na uchafu. Akanijibu kwamba chumvi yenye mchanga ni ya ng'ombe, akaendelea kuosha. Wewe uliinamisha kichwa ukicheka kimyakimya ili nisikuone. Nilikuona.

Hilo nililifundisha kwa usahihi. Kosa langu lilikuja baadaye, kwa sababu niliamini kwamba palipo na rovu hakikosekani kitu ila chumvi nzuri.

Walipokukata rovu lile walikupa vidonge vidogo vyeupe, wakakwambia uvimeze maisha yako yote. Kopo la pili lilipokwisha uliniuliza, "Dada, rovu limeshakatwa. Dawa ni ya nini tena?" Sikumwuliza mtu yeyote. Nilikujibu pale pale kwamba chumvi ya dukani ina madini joto ya kutosha, na mwili utajifanyia kazi wenyewe. Sikujua kwamba pamoja na rovu walikuwa wameiondoa tezi yenyewe, na kwamba chumvi haiwezi kulisha kitu ambacho hakipo. Ulinisadiki kwa kuwa mimi ni mwalimu, ukaacha dawa.

Kisha ukaanza kuona baridi. Ulivaa sweta saa saba mchana katika jua la kiangazi. Sauti yako ilikwaruza, uso ukajaa, ukawa unasinzia huku unachambua maharagwe. Jumamosi moja nilifika nikakuta palizi haijafanywa, na majani yameyazidi mahindi kimo. Nikasema, "Athieno, umekuwa mvivu." Hukunijibu kwa ukali. Ulisema tu, "Labda," ukainuka kwa kushika ukuta, ukaenda kutafuta jembe.

Tulipokupeleka hospitalini, tulikuwa tumechelewa sana. Sijawahi kuiandika sentensi hii kabla ya leo.

Kwa hiyo Nafula alipoanza kusinzia mchana, miaka miwili iliyopita, sikungoja. Alikuwa amemaliza masomo yake chuoni Busitema, ameolewa Mulanda, nami nilimpeleka kliniki mjini Tororo juma lile lile. Katika mkoba nilikuwa na kichupa cha matone ya madini joto nilichouziwa mpakani. Daktari, msichana ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wangu, alikisoma, akanirudishia. "Mwalimu, hiki usimpe," akasema. Alinieleza kwamba Nafula hakupungukiwa na madini joto. Kinga ya mwili wake ndiyo inayoishambulia tezi. Chumvi ya jikoni inamtosha, na kumzidishia kunaweza kuidhuru tezi zaidi. Kidonge alichomwandikia si mbadala wa chumvi. Kinampa kitu kile kile ambacho tezi ilikuwa ikikitengeneza, na kwa sababu hiyo hakiachwi hata mgonjwa akijisikia mzima. Niliyaandika yote. Nilimwomba arudie, akarudia.

Nafula alipona, akarudi kuwa mtu wa kucheka. Kisha mimba ikaingia. Daktari alituambia kwamba katika miezi ya kwanza mtoto hana tezi yake ya kutegemea, na ubongo wake hukua kwa kile anachokipata kwa mama. Akaongeza dozi. Baada ya mwezi mmoja, kipimo kilikuwa kibaya kuliko cha kwanza.

Daktari hakumkaripia. Alimtaka asimulie asubuhi yake tangu anapofungua macho. Nafula alinitazama mimi kwanza, kisha akasimulia huku akitazama sakafu. Mama Okello, mama mkwe wake, tangu alipopata habari za mimba huamka mwenyewe alfajiri, akapika uji wa wimbi wenye maziwa na kumletea mlangoni. Unajua maana ya jambo hilo kwetu. Mke wa mwana akikirudisha chakula cha mama mkwe wakati wa mimba, amesema mbele ya ukoo mzima kwamba anaogopa kulishwa sumu. Basi Nafula alikuwa akikinywa kidonge kwa uji ule ule, pamoja na vidonge vyekundu vya kuongeza damu alivyopewa kliniki ya wajawazito, vyote kwa mara moja, asije akasahau kimojawapo. Maziwa na vile vidonge vya damu vilikuwa vikiizuia dawa isiingie mwilini. Inapaswa kunywewa kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, na uji usubiri saa nzima. Vidonge vya damu visubiri muda wa saa nne baada yake.

Nilimwambia amweleze mama mkwe wake. Akasema, "Mama, siwezi. Atasema namwogopa."

Mama wa binti haendi kwa wakwe bila kuitwa, wala hazungumzii chakula cha nyumba hiyo. Nilifikiri kumtuma shangazi, lakini mjumbe kwetu huanza na salamu za wiki mbili, na mtoto tumboni hangoji. Nilikwenda mwenyewe. Mama Okello aliniwekea kiti nje, kivulini mwa nyumba, kwa kuwa sikuruhusiwa kuingia. Akakaa juu ya mkeka na kuniuliza ni nani amekufa.

Nilikuwa nimeandaa maelezo kuhusu tezi, hatua kwa hatua. Nilipofungua kinywa nilimsimulia habari zako. Nilimwambia na lile neno nililokuita.

"Mwalimu," akasema, "sasa kwa nini mtoto nanyamaza? Mimi naamka saa kumi na moja, napika. Yeye naona mimi mbaya?"

Nilimjibu kwamba haoni hivyo, bali anaogopa kumwudhi, na kwamba mimi ndiye niliyemlea akiwaogopa wakubwa.

"Basi wewe nalea vibaya," akasema, akacheka. Nami nilicheka, Athieno, pale kwenye kiti cha wageni, hadi miwani ikanitoka.

Baada ya hapo aliuliza maswali yaliyo bora kuliko yangu. Uji usubiri mpaka lini? Vile vyekundu lini? Chumvi yake je, ni mbaya? Nilimwambia chumvi ni nzuri, aifunike tu na asiioshe. Mwishowe aliamua mwenyewe. Atampelekea Nafula kikombe cha maji, ataketi mpaka kidonge kishuke, ndipo aende kuwasha moto. "Moto nikichelewesha, uji nachelewa. Kwisha," akasema.

Amefanya hivyo kwa majuma matano sasa. Damu ilipimwa juzi. Hata hivyo siwezi kuacha kuzihesabu zile siku za mwanzo ambazo dawa ilipita tu tumboni bila kufika kwa mtoto. Nilimwuliza daktari kama siku hizo zinaweza kufidiwa. Alisema kwamba wengi huzaa salama, kwamba tumeligundua mapema kuliko wengine, na kwamba hawezi kuniahidi. Nilimheshimu kwa hilo, ingawa nilitamani anidanganye.

Kesho asubuhi nitavuka mpaka kwenda Tororo kuchukua majibu. Nafula ameomba abaki nyumbani, na kwamba nikishayapata nimpigie simu Mama Okello kwanza, si yeye. Nilimwuliza sababu. Akasema, "Yeye atajua namna ya kuniambia." Ilinichoma. Baadaye nikaona kwamba binti yako amepata mtu asiyemwogopa, nikashukuru, ingawa mtu huyo si mimi.

Pumzika, mdogo wangu. Sijui karatasi hiyo itasema nini. Nitaisoma mpaka mstari wa mwisho, na nisichokielewa nitakiuliza, kabla sijamwambia mtu neno lolote.

Mimi,
Dada yako mkubwa