Pale Pasipochorwa, Kando ya Mlango

Mama,

Shikamoo. Nimeandika hivyo kwa mazoea, kisha nikaacha kalamu nikasubiri marahaba yako kama mjinga.

Nimerudi chuoni Dar juzi kutoka nyumbani Mollo. Joto la huku ni lile lile ulilokuwa ukiniulizia kwenye simu: "Unalalaje na joto hilo, Skola? Si mtaiva ninyi?" Nalala, mama. Kinachoninyima raha ni ukuta wako. Nilipowaeleza wenzangu bwenini yaliyoupata waliniambia pole, kisha mmoja akauliza ni ukuta wa nini. Nikaona bora nikueleze wewe.

Wewe ndiye uliyenifundisha kuutazama. Kila mwaka, kabla mvua hazijaanza, tulishuka bondeni kuchimba udongo mweupe, wewe na ndoo yako kichwani, mimi nyuma na jembe lisilo na mpini wa maana. Mwekundu tuliuchimba kwenye kichuguu nyuma ya kanisa. Mweusi uliutengeneza kwa mkaa uliotwangwa. Halafu ikaja ile sehemu niliyoichukia: kulowesha. Ulisema ukisiriba juu ya pakavu, udongo mpya utabanduka, kwa hiyo ulichovya kiganja kwenye maji ukasugua ukuta wote, na michoro ya mwaka uliopita ikayeyuka, ikatiririka mpaka kwenye kiwiko chako. Nilikuwa mdogo nikalia. "Mama, unayafuta!" Ukacheka sana. "Kwani wewe uso huoshi?"

Kisha ulichora upya kwa vidole, bila kupima chochote. Nusu duara kwa safu, moja juu ya nyingine, kama matuta ya mviringo ya shambani kwetu yakitazamwa kutoka juu ya mlima, na chini yake mstari mwekundu uliozunguka nyumba nzima. Baba akirudi shambani aliketi kwenye kigoda chake hapo mlangoni, wewe ukachambua maharage, mkaongea Kifipa chenu cha haraka ambacho mimi nilikipata nusu. Na kando ya mlango, kila mwaka, uliacha mahali pamoja hujapaka udongo mweupe wala hujachora. Tope tupu la kahawia. Nilikuuliza sababu. "We acha tu," ukasema, na ukatabasamu ukiangalia pembeni.

Sikuacha. Nilikwenda nalo chuoni swali hilo. Mwaka wa kwanza mwalimu wetu wa historia ya sanaa alitufundisha kuhusu nafasi tupu, kwamba msanii mzuri anajua pia mahali pa kutochora, ili macho yapumzike. Nilisimama mbele ya darasa nikaeleza ukuta wako: mrudio, ulinganifu, mdundo, na lile pengo la kahawia kando ya mlango. Nilisema mama yangu hajasoma sanaa lakini nafasi tupu anaijua. Nikapigiwa makofi, nikakupigia simu kukwambia. Ulicheka mpaka ukakohoa. "Haya, mwalimu," ukasema. Hukunisahihisha. Sasa natamani ungenisahihisha, tungecheka wote.

Mwalimu huyo huyo alituonyesha pia picha za makanisa ya kale huko mbali, na watu waliokaa juu ya majukwaa na brashi ndogo kama za wanja, wakihifadhi ukuta usipoteze hata rangi. Niliwacheka kidogo moyoni. Niliona mama yangu ni mkubwa kuliko wao, maana anafuta kazi yake mwenyewe na hasikitiki.

Kumbe ilikuwa rahisi kusema hivyo ukiwa hai.

Uliondoka katikati ya mvua. Mchoro wako wa mwisho ulikuwa bado mbichi machoni mwetu, na siku ya mazishi waombolezaji waliegemea ukuta ule nikataka kuwafukuza mmoja mmoja. Wageni walipotawanyika, baba alichukua turubai la kuanikia ulezi akaligongelea misumari kwenye ukuta wa mbele, kutoka chini ya bati mpaka chini kabisa, akaacha mlango peke yake. "Mvua isimguse," alisema. Hakusema isiuguse. Mama mdogo, yule mdogo wako, alikuwepo, akanitazama. Baba akakihamishia kigoda chake jikoni.

Mimi niliona amefanya jambo la akili. Nilimfikiria kama wale watu wa brashi ndogo, na nikarudi chuoni nikiwa na faraja kwamba huko nyumbani, gizani nyuma ya turubai, upo.

Nilirudi likizo hii mavuno yameshaingia. Mama mdogo akanipokea na malalamiko yake: "Mwaka huu tumekula ulezi una mchanga, tumeanika chini. Baba yako turubai haliazimishi, halitoi. Sasa mvua zinakaribia tena na nyumba haijasiribwa. Wapita njia watasema humu hamna mtu." Siku nzima baba alizunguka zunguka uani. Jioni akaleta nyundo, akanikabidhi. "Wewe ndiye unayesomea mambo haya. Toa."

Nikang'oa misumari. Mama, naomba unisamehe kukwambia hivi moja kwa moja. Mchwa walikuwa wamepanda. Unyevu na giza la turubai viliwafaa, wakajenga njia zao kutoka chini mpaka juu, wakala udongo mweupe, wakala matuta yako yote. Turubai lilipoanguka udongo wa juu ya ukuta nao ulimwagika miguuni mwetu. Kilichobaki ni kipande cha mstari mwekundu chini ya dirisha, urefu wa mkono. Baba alikiangalia kile kipande muda mrefu. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyeitwa ofisini, "Mimi nilikuwa namfunika."

Nilimshika mkono. Nililia pale pale mbele yake, mkubwa mzima. Nilikuwa nimekupoteza mara moja, nikadhani mara moja inatosha.

Nilitafuta picha. Ninazo nyingi, na katika zote tumesimama mbele ya ukuta. Krismasi, kipaimara changu, siku niliyopata nafasi ya chuo. Michoro yako inachungulia juu ya mabega yetu, vipande vipande. Hata ile niliyoionyesha darasani ni ya Krismasi, na katikati yake amekaa binamu na soda. Nasomea kutazama, mama, na hakuna siku niliyosema sogeeni pembeni niupige picha ukuta.

Basi tukausiriba. Baba alizibua njia za mchwa, akamwaga majivu chini, mimi nikashuka bondeni na ndoo yako. Nililowesha ukuta kwa kiganja kama ulivyokuwa ukifanya. Nilipofika kwenye kile kipande cha mstari mwekundu nilisimama. Baba akasema, "Lowesha. Utabanduka." Nikasugua. Ukanipita kwenye vidole, ukatiririka mpaka kwenye kiwiko.

Nusu duara zangu hazikulingana. Za kwanza zilikuwa nene, za mwisho zimelegea, mama mdogo akasema matuta haya yamelimwa na mlevi. Tulicheka kidogo, hata baba. Nilipofika kando ya mlango niliruka pale pako pa kahawia, nikaendelea upande wa pili.

"Hapo napo jaza," baba akasema.

"Mama alikuwa anapaacha, baba. Ni nafasi tupu. Inapumzisha macho."

"Macho ya nani?" Alinikazia macho kama anayesikia habari mpya. "Alipaacha kwa sababu ya koti langu. Nilikuwa naegemea hapo jioni. Udongo mweupe ukanishika mgongoni, nikaenda nao kanisani bila kujua, watu wakacheka. Alinisema, huyo! Mwaka uliofuata hakupapaka tena." Akainama kuchukua ndoo. "We jaza tu. Mimi sikai tena hapo."

Nilibaki na udongo mkononi. Miaka yote ile, mama. Nilikuwa nimeeleza darasa zima habari ya macho kupumzika, kumbe uliacha mahali pa mgongo wa mume wako. Nilitaka kukataa kujaza, lakini ningemwambia nini? Kwamba nalijua pengo lile kuliko yeye? Nikapaka mweupe mpaka kwenye fremu ya mlango, nikachora juu yake. Ulikuwa ukuta kamili, umejaa, na sikuweza kuutazama.

Siku zilizobaki baba aliketi jikoni. Nilimwangalia kila jioni nikidhani atasahau akatoka, hakutoka. Nilipofungasha vitu vyangu nilijisemea basi, ndivyo itakavyokuwa.

Asubuhi ya safari palikuwa na baridi yetu ile. Baba alivaa koti, akachukua begi langu, akatangulia kunipeleka stendi mjini. Mimi nilikuwa nyuma yake. Mgongoni alikuwa na weupe kutoka bega hadi bega, na katikati ya weupe ule, kipande cha nusu duara yangu nyeusi.

Sijui alitoka kukaa pale saa ngapi, sijui alikuwa anaongea na nani.

Niliinua mkono nimkung'ute, kama wewe ulivyokuwa ukimkung'uta vumbi kwa kiganja huku ukimsema, kisha nikaurudisha mkono. Ile haikuwa kazi yangu. Basi lilipoondoka alinipungia, akageuka, akaenda zake katikati ya watu na mgongo wake mweupe.

Pumzika, mama. Pale kando ya mlango pamefutika tena, na sasa hakuna wa kumsema.

Ni mimi, kitinda mimba wako,
Skola