Upanga wa Babu ni Ule Ule

Tugaya, kando ya Ziwa Lanao
14 Septemba 2019

Mpendwa mdogo wangu Amerodin,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi ulichokipata kwa kuingia na kutoka kwenye vyumba vya barafu kimeshakuachia. Unakula lakini? Rafiki yako aliyerudi Ramadhani alituambia umekonda mpaka shingo imerefuka. Sisi huku hatujambo. Mama magoti yanamsumbua mvua ikinyesha, ila palapa yake ya vitunguu na pilipili anaitwanga mwenyewe na hataki mtu aguse kinu.

Najua unaruka mistari ukitafuta habari moja tu, kwa hiyo sikuzungushi. Upanga ni ule ule. Jina lako limesafika, ndugu yangu, alhamdulillahi. Sasa kaa chini usome polepole. Ningeweza kupiga simu, lakini ningelia tu nikapoteza salio langu bure.

Kila mtu alikuletea kipande chake cha fitina, basi nikupe habari nzima. Upanga wa urithi hauchomolewi bila sababu, hilo tumelelewa nalo. Hata siku ile mabomu yalipoanza Marawi ukaubeba mgongoni kuukimbiza huku Tugaya, uliufunga kwenye mkeka pamoja na ala yake, wala hukuchungulia. Mara ya mwisho kuchomolewa ilikuwa siku ya harusi ya Baba Mdogo Macaumbang, naye hajasahau: mpini wa pembe ya ndovu wenye kichwa cha ndege, na maua ya fedha yaliyozamishwa ndani ya chuma. Idi ilipopita akauchomoa ili uandaliwe kwa ajili ya harusi ya binti yake Rasmia. Akakuta mpini wa mti, na bapa jeusi kama tako la sufuria.

Ala ni ile ile, kilichomo ni kingine, na aliyeubeba ameshapanda ndege kwenda Dammam. Unadhani watu walihitaji ushahidi gani zaidi? Sokoni wakasema umewauzia wanunuzi wa Iligan upanga wa babu ukatuwekea jembe. Ulipoapa kwamba hutakanyaga Tugaya mpaka haya yaishe, mimi sikukulaumu. Niliumia tu.

Juzi akaja Shangazi Paramata kutoka Ganassi. Unamjua, macho yamebaki nusu, mdomo umebaki mzima. Akamkuta Baba Mdogo barazani pamoja na wakwe wa upande wa bwana harusi, ameshika kipande cha msasa, eti ausugue ung'ae kidogo, msafara wa harusi usiaibike.

"Msasa?" akamwambia. "Huo ni upanga au mlango wa choo? Lete hapa kabla sijakuchapa mbele ya wakwe zako."

Baba Mdogo ana wajukuu, lakini aliutoa upesi.

"Dada, hebu tazama mpini kwanza," akasema.

"Mpini ni nguo. Wewe ukivaa kanzu ya kuazima unakuwa mtu mwingine?"

Hakuutazama kabisa ule mpini. Alishika pale chuma kinapopanuka karibu na mkono, akaukokota ukucha kwenye mstari wa maungio. Zamani kipande kile kilifuliwa peke yake kisha kikaunganishwa na bapa, kwa hiyo mstari unazunguka kote, mpaka kwenye kingo. Wahunzi wa siku hizi hufua kitu kizima, halafu wanachora mstari ubavuni wa kudanganyia macho, na ukingoni hakuna kitu. Ukucha wa Shangazi ulifika ukingoni, ukakata kona, ukatokea upande wa pili. Chuma cha kale, basi.

Akanituma mafuta ya nazi ya moto na kitambaa. Kitambaa cha kwanza kikatoka cheusi, cha pili hivyo hivyo. Ule weusi haukuwa kutu, ni utomvu na masizi, mtu aliupaka kwa makusudi. Likatokea jani moja la fedha, kisha kikonyo, kisha ua zima. Alipopitisha ndimu, chuma chenyewe kikaanza kuonyesha mistari yake, tabaka juu ya tabaka, kama ubao mzuri uliopigwa randa.

Hapo Shangazi akacheka mpaka akakohoa. Amekumbuka. Mwaka ule, baada ya harusi ya Baba Mdogo, askari walipokuwa wakipekua nyumba na kuondoka na kila kilichong'aa, alimkuta Baba yetu jikoni akichemsha utomvu. "Nikadhani anaziba mtumbwi," akasema. "Kumbe mjanja anauvisha upanga matambara." Ule mpini wa pembe Baba aliuficha wapi, hatujui. Hakumwambia mtu, hata Mama, na siri yake ikakuangukia wewe. Mungu amrehemu, lakini nikikutana naye akhera tutazungumza.

Baba Mdogo aliuweka msasa chini. Kisha akasema mbele ya wakwe zake wote kwamba amemla nyama mtoto wa kaka yake kwa kumsingizia, na anaomba radhi. Harusi ameisogeza hadi Desemba ili upate likizo. Upanga utatangulia msafara mkononi mwako, au utabaki ndani. Ameshawaambia hata wazee wa msikiti, kwa hiyo hana pa kurudi nyuma.

Rasmia anakusalimu, anasema usipokuja atabaki mwali mpaka uzeeni na lawama ni zako. Shangazi Paramata naye anakusalimu, na anataka tende laini, si zile za kuvunja meno. Baba Mdogo anakusalimu kwa aibu.

Mama amenikataza kuandika hili, lakini naliandika. Siku zote alizokuwa akikwambia kwenye simu, "Najua mwanangu hukufanya," alikuwa anakudanganya. Aliamini umefanya, na alishakusamehe tangu siku ya kwanza. Jana baada ya alasiri alikaa na upanga mapajani akalia sana. "Nimemsamehe mtoto kosa ambalo si lake," akasema. "Mimi nani atanisamehe?"

Njoo, Amerodin. Mungu akulinde njiani na akufikishe mlangoni kwa Mama salama.

Ni mimi dada yako, nikupendaye,
Tarhata