Kifungu cha Kumi na Moja na Kuku wa Kintinku

Singida Mjini,
14 Novemba

Dada Damari, shikamoo.

"Karatasi haijawahi kutaga yai." Maneno yako hayo yamenifikia, pamoja na habari kwamba uliyasema mbele ya kikundi chenu kizima cha wafuga kuku, akina mama wakakupigia vigelegele, na mkakubaliana kuuvunja mkataba wa hoteli Jumapili hii baada ya ibada. Nitakujibu, lakini kwanza salamu. Goti linaendeleaje? Shemeji bado anachechemea, au amepona tangu kazi ya shamba ilipokwisha? Huku sisi ni wazima, isipokuwa mafua ya huu upepo wetu.

Sasa nakujibu. Ni kweli, karatasi haitagi. Hata cheti chako cha ndoa hakijapika ugali siku moja. Lakini mwaka ule shemeji alipotaka kuuza shamba la bondeni, ulikimbilia wapi kama si sandukuni kukitafuta? Mkataba hauandikwi kwa ajili ya siku ambayo kuku ni wazima na mnunuzi anacheka. Siku hiyo kila mtu ni muungwana. Unaandikwa kwa ajili ya siku inayofuata. Au umesahau mlivyokuwa mkiuza kuku dirishani mwa mabasi, gari linaondoka na jogoo wako huku wewe unalifukuza na kanga mkononi?

Mkataba wenu na hoteli ya Calist niliuandika mimi, hapa hapa kwenye steshenari yangu. Kuku arobaini kila Alhamisi, wa kienyeji, hai, kila mmoja asipungue kilo moja na nusu, wapimwe mlango wa nyuma wa hoteli mbele ya pande zote mbili. Mashahidi wapo, sahihi zipo. Nionyeshe kilichokosewa.

Basi, usijisumbue, nitakionyesha mwenyewe. Ni kifungu cha kumi na moja, kile kinachotaja majanga yanayomsamehe muuzaji akishindwa kuleta mzigo. Niliandika vita, tetemeko la ardhi, uvamizi wa nzige na dhoruba ya baharini. Nilikuwa nimesoma mikataba mingi ya watu wa bandarini, nikaona dhoruba inaipa karatasi heshima. Kideri, ule ugonjwa unaomaliza kuku banda zima, sikukiandika. Mimi niliyezaliwa Kintinku, niliyechimba pamoja nawe mashimo ya kuzikia kuku wa mama, nilikumbuka bahari nikasahau kideri.

Mwezi wa Oktoba kideri kikapita mabandani mwenu, ukaja hotelini na kuku kumi na mmoja. Calist akalalamika, ukaja kwangu, nikakuandikia ile barua ya kwanza. Unaikumbuka. Nilimwambia kuku hafi kwa makusudi, na kwamba anayedai kuku arobaini kutoka kwenye banda lililofiwa ni sawa na mtu anayekwenda msibani kudai kitoweo. Ulifurahi sana.

Majibu ya hoteli yalipokuja ulipanda basi ukaniletea, macho mekundu. Yalisema kideri hakimo katika kifungu cha kumi na moja, na kwamba mwandishi wa mkataba ule ni mtu mwenye akili pevu, ambaye kama angetaka kideri kiwemo angekiandika. Nilikasirika mbele yako, nikapiga meza, nikamwita aliyeandika majibu hayo mnafiki wa kukodiwa. Zikaenda barua mbili zaidi kila upande. Ile ya mwisho ya hoteli ndiyo iliyosema kwamba mwenyekiti wa kikundi hajui kutofautisha kuku mgonjwa na kuku mvivu. Najua hiyo ndiyo iliyokuumiza. Najua ndiyo inayowafanya mrudi kwenye madirisha ya mabasi.

Dada, kaa chini kwanza.

Barua za hoteli pia niliziandika mimi.

Calist aliniletea barua yako asubuhi ya siku ya pili. Hakujua wewe ni dada yangu, maana kwenye mkataba unatumia jina la shemeji, na hakujua aliyeiandika. Aliomba tu nimwandikie majibu ya upole. Ningeweza kumwambia aende kwa mwingine. Lakini niliisoma tena ile barua, nikaona hoja yangu ina tundu, nikashindwa kuliacha. Nilipomaliza kumjibu, nikajiona nimeshinda. Uliponiletea ushindi huo, nikaona nao una tundu. Hasira uliyoiona haikuwa maigizo. Yule mtu alikuwa ananiudhi kweli.

Aliyenikamata ni Scola, wakili hasa, mwenye muhuri. Calist alimpelekea barua zote sita, akamwambia kwamba za hoteli niliziandika mimi. Wakili akaniita, akaniambia hajawahi kuona maadui wawili ambao wote huanza kwa kunukuu maneno ya mwenzao kisha kuyachinja. Nikataka kubisha. Akanikatiza.

"Peniel, umejishinda mara tatu na umeshindwa na wewe mwenyewe mara tatu. Wenye kuku wamepata nini?"

Alisema mtu mmoja hawezi kuandikia pande zote mbili halafu akapigania pande zote mbili, na kwamba mkataba wenu ni mzima isipokuwa kifungu kile. Ameandika marekebisho. Kuku wakiugua, kikundi kitatoa taarifa ndani ya siku tatu, pamoja na barua ya afisa mifugo wa kata. Mtachanja kila baada ya miezi mitatu. Hoteli itanunua kwingine hadi vifaranga vyenu vifikishe uzito, kisha itarudi kwenu, na hilo limeandikwa kuwa ni lazima, si hisani. Calist amekubali. Wateja wake wamegoma kula kuku wa kisasa, na yeye alidhani wewe ndiye unayemchukia. Yale ya kuku mvivu hakuyasema yeye. Niliyaongeza mimi kwa sababu sentensi ilikuwa tamu. Nisamehe, dada yangu.

Wasalimie shemeji na watoto, na mama mkwe usimsomee hili.

Kikundi, kisomee. Lote, pamoja na aibu yangu. Kisha wewe na wenzako wa kamati mje Jumamosi, saa nne asubuhi, ofisini kwa Scola, kabla ya hiyo Jumapili yenu. Calist atakuwepo. Mwulizeni wakili maana ya kila neno, na kifungu msichokielewa msikitie sahihi, hata kama mimi nimekisifu. Nitawasubiri nje. Ukiniona nimeingia na kalamu, ninyang'anye.

Mdogo wako,
Peniel